Safu ya Hali

Fomu ina safu sita. Ya nne imeandikwa Hali.
Afisa wa mnada anataka neno moja tu:
nzuri, wastani, mbovu.
Nimesimama nyuma ya kituo chetu cha Ruai,
kalamu mkononi, viatu vimelowa umande,
na magari mawili ya zimamoto yananitazama
kwa taa zisizo na balbu.

La kwanza tulilibatiza Bubu.
King'ora chake kilikufa mwaka ule wa mafuriko
na ombi la kipuri likazunguka ofisi hadi ofisi
kama mtoto wa kambo siku ya sherehe.
Basi Simiyu akawa anatoa kichwa dirishani,
anapiga sufuria kwa mwiko: Pisheni! Pisheni!
Na watu walipisha. Wakicheka, lakini walipisha.
Sasa kuku wa mlinzi ametaga katika sanduku la mipira,
mayai manne, bado yana joto.
Naandika: mbovu.
Kuku ananikazia jicho moja.
Nafuta. Naandika: lina wapangaji.
Nafuta tena.

La pili ni Shangazi,
kwa ajili ya makelele, na kwa ajili ya kuchelewa;
shangazi wa kila harusi, anayefika wali umekwisha
na bado anauliza nani aliyepika.
Namba za usajili zimefutika, imebaki X.
Tangi: limetoboka.
Ngazi: vidato vitatu havipo.
Betri: haipo, na sote tunajua iko kwa nani,
maana redio yake hailali.
Wanunuzi wa chuma chakavu walipita jana na mizani,
wakaligongagonga kwa vidole
kama watu wanaochagua tikiti maji.

Mlango wa kushoto: mbonyeo.
Ukubwa, ngumi ya mtoto.
Fomu inauliza chanzo.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, Maili Saba.
Mabati yalikuwa yakijikunja kama majani makavu.
Mama alikuwa ameokoa godoro, na ufunguo
wa mlango ambao haukuwapo tena.
Shangazi akaja akipigia kelele mtaa mzima.
Wakavuta mpira, wakafungua,
mpira ukakohoa,
ukatema kikombe kimoja cha matope.
Wamekuja bila maji!
Sikumbuki nani alisema. Nakumbuka jiwe,
uzito wake, na sauti yake lilipofika:
ngo,
kama mtu anayebisha hodi.

Miaka kumi na minane nimeupita mbonyeo huo
nikienda kutia sahihi kitabu cha zamu.
Sijawahi kuuegemea mlango ule.

Leo Kaloki amekuja, aliyekuwa dereva wake,
mwaka wa pili tangu astaafu, na kitambaa mfukoni.
Anafuta kioo cha gari linalokwenda kuyeyushwa.
Namuuliza, kwa sauti ya karani,
kuhusu mlango wa kushoto.

"Huo? Usiku ule tulitoka Njiru, ghala la magodoro.
Maji yote tuliyaacha kule.
Simu ikatukuta njiani, tangi tupu.
Ningewaambia nini? Nikasema twende,
huenda tukakuta kisima."
Akapulizia kioo pumzi, akasugua.
"Aliyerusha alikuwa na shabaha.
Fundi alitaka kuunyoosha, nikakataa.
Kila asubuhi ulikuwa unaniuliza:
Kaloki, umejaza?"

Nikafungua mdomo.
Nikakohoa kama mpira ule.

Kisha nikaiweka fomu chini, juu yake kijiwe
isipeperuke, nikaenda bombani
pale sukuma wiki inapoota kwa maji yanayovuja,
nikarudi na ndoo imejaa hadi ukingoni,
ikinimwagikia magotini.
Kaloki akaitazama ndoo. Akanitazama mimi,
muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
"Haya," akasema, "leo umeleta maji."

Akakipasua kitambaa, akanipa nusu.
Tukaanza na mlango wa kushoto.